Mjomba amezeeka, amebaki peke yake ukweni. Ni wa watoto wake au ni wa sisi wapwa?

MpwaWaNewala

Habari za humu wadau. Naomba niulize kitu ambacho kinanisumbua muda sasa, na naamini watu wa Mtwara na Lindi mtanielewa haraka kuliko wengine, maana kila nikimweleza mtu wa mkoa mwingine ananiambia tu "si ana watoto, wamtunze watoto wake" alafu mazungumzo yanaishia hapo.

Iko hivi. Mama yangu amebakiwa na kaka mmoja tu, ndo mjomba wetu mkubwa. Kwetu Newala ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito sana, mnajua wenyewe. Huyu ndo alinipeleka jando, gharama zote za kumbi mpaka nguo mpya za kutokea alitoa yeye. Nilivyofaulu kwenda sekondari baba alikuwa hana uwezo, mjomba akauza korosho zake akanilipia bila hata kuombwa mara mbili. Na sio mimi tu, wapwa karibu wote wa upande wetu amewashika mkono kwa namna moja au nyingine, na watoto wake wa kuwazaa walikuwa wanaona, saa nyingine wananung'unika kwamba baba yao hela zote anapeleka kwa dada zake.

Mjomba alioa Tandahimba na kama ilivyokuwa zamani akahamia kijijini kwa mkewe, akajenga huko, akapanda mikorosho huko huko kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Sasa mke wake alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na tangu hapo mambo yamebadilika. Macho yameingia ukungu, magoti hayamfikishi mbali. Mtoto wake mmoja wa kiume yupo palepale kijijini, ndo anayehudumia mikorosho, anapuliza dawa ya salfa, anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika na hela inaingia kwenye akaunti yake yeye huyo mtoto. Mwingine yupo Mtwara mjini. Binti kaolewa mbali. Mzee anakaa nyumba ile ile, chakula analetewa pale anapokumbukwa.

Nilienda kumsalimia nikakuta sahani ya ugali wa jana yake ipo juu ya ndoo imefunikwa na kipande cha kanga, ugali umekauka mpaka umepasuka katikati, na pembeni kisamvu kimeshaanza kuchacha. Nikamuuliza mjomba mbona hujala, akasema ameshiba. Anamlinda mwanae, mi niliona.

Nikawaita mabinamu zangu tukae tuongee. Jibu nililopewa ni kwamba "huyu mzee ni wa kwenu, nyie ndo aliwasomesha, mchukueni". Ndugu za marehemu mkewe nao wanasema mwenye nyumba keshaondoka, sasa huyu anabaki hapa kwa nani. Ila nikigusa habari ya mikorosho tu, hiyo ni ya watoto, hakuna mjadala. Nikirudi kwetu kaka zangu nao wanakuja juu, mali wamechukua watoto basi na mzee wakae nae watoto. Mama yangu analia tu, na yeye ni mtu mzima sasa.

Naomba mnisaidie, hasa nyie ambao mmepitia. Kwa mila zetu za Kusini na kwa maisha ya sasa, huyu mzee ni wa nani? Na je nikimchukua nikamleta Newala kwa mama ntakuwa nimemwokoa au ntakuwa nimemng'oa?

NangurukuruJr

Pole sana mkuu. Mi wa Kilwa, kwetu huku mambo ya ukoo wa mama hayana nguvu kama huko kwenu juu kwa hiyo ntaongea ninavyoona mimi. Kwenye Qur'an, Suratul Israi, imesemwa wazi wazazi wakifikia uzee wakiwa kwako hata "ah" usiwaambie. Haijasemwa wapwa, wamesemwa watoto. Huyo binamu yako anayevuna mikorosho ya baba yake na anampelekea ugali akijisikia, mtafuteni mtu anayemheshimu, kama ni imamu wa msikiti anaoswali basi huyo huyo, aongee nae taratibu bila kumuaibisha mbele za watu. Ukimchukua mzee leo umemrahisishia kazi.

Ila na wewe usijitoe. Aliyekulipia ada ana haki kwako hata kama hakukuzaa.

MmweraWaRuangwa

Naomba niongeze hapo maana hili swali ni kubwa kuliko familia yenu, hata sisi Wamwera tunalo na Wamakua wanalo na Wayao wanalo.

Zamani mambo yalikuwa yamekaa sawa, sio kwamba watu walikuwa na roho nzuri kuliko sasa hivi, ila hesabu ilikuwa inafunga. Mwanaume akioa anaenda kukaa kwa mkewe, watoto ni wa ukoo wa mama yao, yeye nguvu zake anagawa mara mbili, huku anamlimia mkewe na huku anawasimamia watoto wa dada yake. Akifa vitu vyake vinaenda kwa wapwa. Akizeeka au akifiwa na mke anarudi kwa dada zake na hao wapwa aliowasimamia ndo wanampokea. Kurudi kulikuwa sio aibu hata kidogo, ndo ilivyokuwa inatarajiwa.

Na mali yenyewe ilikuwa nini? Shamba la mtama na muhogo, unalima hapa miaka michache ardhi ikichoka unahama. Hakuna cha kugombania. Alafu mkorosho ukaingia. Mkorosho ukishapanda unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu hivi, na ukiutunza unaendelea kuzaa mpaka wajukuu wanaukuta. Nani anapalilia? Watoto. Ikifika Oktoba mpaka Desemba nani anainama kuokota? Mama na watoto. Kwa hiyo watoto wakaanza kusema jasho letu liende kwa binamu zetu kwa lipi, na kusema kweli hapo wana haki. Wazee wengi wenyewe wakaanza kuwaandikisha watoto wao. Ukiongeza dini zote mbili na mahakama, mali ikahama kutoka upande wa wapwa kwenda upande wa watoto. Na bei ikipanda ndo kabisa, ule msimu wa 2018 serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo wengi ndo walikumbuka kwenda kuhesabu miti ya baba.

Sasa tatizo ni kwamba mali ilihama lakini matunzo hayakuhama nayo. Watoto walichukua mikorosho kwa sheria mpya, na mzee wanataka arudishwe kwenu kwa sheria ya zamani. Haiwezekani kula huku na huku. Binamu zako wakisema "ni wa kwenu" waulize, kwa mila ipi? Kama ni ile ya zamani basi na mikorosho ni ya kwenu pia. Kama ni hii ya sasa basi mzee ni wao. Waulize kwa upole lakini waulize, na mashahidi wakiwepo.

Dada_wa_Lulindi

Nimesoma yote mpaka nimeingia jikoni nikaunguza mbaazi. Wanaume wote mnajadili mzee ni wa nani na hakuna hata mmoja aliyetaja nani atamwogesha.

Naomba niseme kwa sababu ninaye baba mdogo wa mume wangu hapa nyumbani na nilishamuuguza bibi yangu mzaa mama. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Bibi yangu alizeekea kwenye nyumba aliyozaliwa ndani ya kiwanja kile kile, mabinti zake wanamzunguka, wajukuu wanalala kitanda kimoja nae. Alikuwa kungwi, ikifika msimu wa unyago walikuwa wanakuja kumchukua hata miguu ilipokuwa haina nguvu, anawekwa kwenye mkeka, hakuna kinachoanza hadi yeye aseme. Mpaka anafariki alikuwa ni mtu anayehitajika. Mzee wa kiume kwetu akifiwa na mkewe anakuwa hana nyumba, ana chumba tu. Zamani walau alikuwa na kazi ya kuamua mashauri chini ya mwembe, na yenyewe imehamia ofisi ya kijiji. Ndo maana nikisoma habari ya mjomba wako nasikia uchungu, anaona kabisa kwamba kile kiwanja hakimtaki na hana pa kulalamikia.

Sasa kuhusu kumleta kwa mama yako. Mama yako ni mtu mzima, umesema mwenyewe. Ataamka usiku mara ngapi kumpeleka kaka yake chooni? Na mzee wa kiume kuogeshwa na dada yake au na mpwa wa kike ni kitu kigumu, heshima haimruhusu, atakataa, atakaa mchafu kuliko kukubali, na watu watasema mzee ni mkaidi kumbe anajisitiri. Hapa kwangu nilichofanya ni kwamba anayemwogesha ni mjukuu wake wa kiume, maana babu na mjukuu wana utani wao, wanataniana huku maji yanamwagika, mzee anacheka anaitwa mume mwenza. Maji nachemsha mimi, napoza, naweka beseni na kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, naondoka. Nguo safi nimeziweka kwenye kamba pale pale anapoweza kuzifikia mwenyewe. Akishavaa ndo narudi. Ananiambia "mkwe asante" kama vile mimi sijui kilichofanyika, na mimi naitikia hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla hujamhamisha, kaeni muandike: usiku nani, kufua mashuka nani, maji ya ndoo huko Newala nani anabeba, hospitali nani. Kila mtu ataje jina lake, sio jina la mke wake wala la dada yake. Maana naona kaka zako wanaongea kwa nguvu sana lakini mwisho wa siku mzigo ataangukiwa mama yako au mke wako. Na huyo mtoto wa kumwogesha msimkatishe shule, mnaweza kupanga ikawa jioni.

MachingaWaKkoo

Daah dada umenigusa. Mi niko Dar kama vijana wengi wa Lindi, mzee wangu yuko Nyangao, natuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi na nilikuwa najiona namtunza kweli. Leo jioni nampigia dada yangu nimuulize shuka anafua nani.

Kitu kingine kinachoniuma, mzee aliyeajiriwa anastaafu na pensheni yake, hata kama ndogo ni jina lake. Mkulima wa korosho ameingizia nchi fedha za kigeni maisha yake yote, kila kilo inakatwa makato ya hiki na kile, akizeeka anasubiri mtoto amkumbuke. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi hata kama hajawahi kuajiriwa. Ni kidogo lakini ni yake, anaenda kuichukua mwenyewe. Huku bara na sisi tungeanza hata hivyo.

MzeeWaMikindani

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya nami nikamwambia andika ninachosema, usipunguze.

Mimi mama yangu aliniambia nilikuwa natambaa mwaka ule tufani ilipopiga Lindi, yaani 1952, basi umri wangu mnaweza kuupiga hesabu. Nimefanya kazi ya kupakia korosho bandari ya Mtwara, nimeiona reli ya kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza na nikaona inang'olewa, nimefiwa na mke, na sasa nakaa kwa binti yangu. Kwa hiyo ninalolisema nalijua.

Mmeandika mengi na mengi ni ya kweli. Lakini tangu juu hadi chini sijaona mtu aliyeuliza yule mzee mwenyewe anasemaje. Kijana ameeleza watoto wanasema hivi, kaka wanasema hivi, wakwe wanasema hivi, mama analia. Mzee amesema neno moja tu, nimeshiba. Hili ndilo linalotusumbua sisi. Nikienda hospitali daktari ananiangalia mimi lakini anamuuliza binti yangu, mzee anakula? mzee analala? Mimi nipo hapo na masikio yangu yanasikia vizuri. Nyumbani likija shauri la harusi wanakaa kibarazani wanamaliza, jioni naambiwa baba tumeamua hivi. Hawafanyi kwa ubaya. Wanadhani wananipumzisha. Lakini mtu akipumzishwa kila kitu inakuwa kama ameshaondoka.

La pili ni hela. Msione haya kulisema. Mkono mtupu haulambwi, na mzee mwenye mkono mtupu hata wajukuu hawaji. Mimi nina shilingi zangu chache ninazopata kwa kusuka nyavu, mtoto akipita asubuhi nampa mia tano ya maandazi, basi kila asubuhi watoto wanakuja kunipa shikamoo, na wakija wananiona kama nimeamka vibaya wanamwita mama yao. Zile hela ndizo zinazonilinda. Huyo mjomba alikuwa mtoaji, amesomesha watu, amewapeleka watu jando. Leo amewekewa sahani. Mnafikiri kinachomuuma ni njaa?

Kwa hiyo mimi nashauri hivi. Mpwa, nenda ukakae naye peke yake bila mabinamu, ulale huko, usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Mzee hasemi la moyoni saa nne asubuhi akiona pikipiki yako inakusubiri. Atasema usiku. Umuulize anataka kukaa wapi na anataka kuzikwa wapi, hayo ni maswali mawili tofauti na kwetu wanaume wa kuoa ugenini yanatunyima usingizi yote mawili. Halafu mikorosho, msidai yote, mtaleta vita. Dai miti michache tu iliyo karibu na nyumba, kumi au ishirini, iitwe ya mzee, ikivunwa hela iingie mkononi mwake hata kama anayeivuna ni mtoto. Huyo mtoto naye msimseme sana. Kupuliza salfa jua kali na kupalilia ekari peke yako si mchezo, na labda naye amechoka na hana mke anayekubali kumpikia mkwewe. Hamjamuuliza naye.

MpwaWaNewala

Shikamoo mzee wangu. Sina la kuongeza, nimesoma mara nyingi. Nimeomba ruhusa kazini naenda Tandahimba Ijumaa na nitalala.

UstawiLindi

Samahani nimechelewa. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye wilaya mojawapo ya mkoa wa Lindi na kesi za namna hii tunazipata kila mara, nyingi zaidi kabla na baada ya msimu wa korosho, hela ikiwa inategemewa au ikiwa imeshaisha.

Mpwa, ukishafika huko kuna mambo ya serikali usiyaache. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na mzee asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Utaratibu unaanzia kijijini, nenda kwa mtendaji, hakikisha jina la mjomba limo kwenye orodha ya wazee wasiojiweza, na kama hana kitambulisho cha taifa lishughulikie hilo mapema maana ndo linakwamisha wengi. Cheti cha kuzaliwa wazee wengi hawana, watamuuliza alizaliwa mwaka gani, msaidie kukumbuka kwa matukio kama alivyofanya mzee hapo juu. Hospitali uliza dirisha la wazee, msikae foleni ya kawaida. Pia uliza kama kaya yake inaweza kuingia TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ila huko kuna utambuzi wake na vipindi vyake, usimuahidi.

Macho. Umesema yameingia ukungu. Kwa umri huo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huo unatibika kwa oparesheni ambayo wengi wanafanyiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nimeona mzee aliyekuwa anaongozwa kwa fimbo karudi kuchambua mbaazi mwenyewe. Watu wetu wanasema "ni uzee tu" wanamwacha mtu gizani miaka wakati sio lazima. Mpeleke akapimwe macho kabla hamjaamua atakaa wapi, maana mzee anayeona na mzee asiyeona wanahitaji matunzo tofauti kabisa, na huenda akiona hata huo mjadala wa kuhama ukabadilika. Presha na sukari wapime hapo hapo.

Kingine naomba mnielewe vizuri. Mzee akianza kusahau majina, kuuliza kitu kile kile, au kutoka usiku akitafuta nyumba ya zamani, huo mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo. Sio uchawi na wala sio laana ya ukoo. Nawaambieni kwa sababu nimeshakuta mzee amefungiwa ndani kwa madai hayo.

Kuhusu mikorosho, wazo la mzee la kutenga miti michache naliunga mkono sana. Mkikubaliana andikeni karatasi mbele ya mtendaji, watoto wasaini, wapwa wasaini, mzee aweke dole gumba, nakala ibaki ofisini. Mkishindwana kuna baraza la ardhi la kijiji, kazi yake ni kusuluhisha, sio lazima mfike mahakamani.

MpwaWaNewala

Wadau nimerudi. Naandika haraka niko stendi Masasi nasubiri gari.

Nililala. Mzee wa Mikindani alikuwa sahihi, mchana kutwa mimi na mjomba tuliongea habari za mvua na bei, usiku tumeshazima taa ndo akaanza. Anasema hataki kuhama sasa hivi. Anataka awepo msimu huu ukianza, asikie korosho zinavyodondoka asubuhi, hiyo miti aliipanda na mkewe na mingine anaijua kwa majina ya watoto waliozaliwa mwaka ule. Baada ya msimu yuko tayari kuja Newala kwa mama lakini sio kuhamishwa, anasema anakuja kumtembelea dada yake, akae anavyopenda. Na kuzikwa anataka alale pembeni ya mkewe. Hilo la mwisho alilisema kwa mkato, nikaitikia sikuongeza neno.

Binamu yangu nilimtafuta shambani, sikwenda kikao. Nilishika jembe tukapalilia wote mpaka jua limesimama. Ni kweli mke wake aliondoka, yuko peke yake na mtoto mdogo, anajipikia mwenyewe usiku na akichoka hapiki. Hakuniambia hayo kwenye kile kikao cha kwanza kwa sababu kilikuwa cha kumshtaki. Amekubali miti kumi na tano ya kuzunguka nyumba iwe ya mzee, Jumatatu tunaenda kwa mtendaji kuandika. Upande wetu tumekubaliana kumlipa mama mmoja jirani apike mchana na kukaa na mzee, hela tunachanga wapwa, na jina langu ndo la kwanza. Macho tunampeleka Mtwara wiki ijayo, binamu aliyeko mjini atampokea, na yeye mwenyewe kajitolea niliposoma kwa sauti huu uzi kwenye simu.

Bado kuna kitu kimoja. Choo. Ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na magoti yake hayawezi, ndo maana anakula kidogo na kunywa chai tupu, anaogopa kwenda. Aliniambia hilo gizani pia. Nani anajua nifanyeje bila kujenga choo kipya?

Dada_wa_Lulindi

Hilo ni rahisi kaka yangu. Tafuta kiti imara cha mbao, fundi anayetengeneza vitanda akate tundu katikati ya kikalio, miguu ya kiti aifunge vibao vipana chini kisicheze, kinawekwa juu ya tundu la choo. Pembeni mchimbie mti mmoja wa kushika wakati wa kunyanyuka, usiwe laini. Usiku mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, na iwe anayeimwaga ni yule mtoto wa binamu yako au binamu mwenyewe, sio yule mama wa kupika. Mwambie fundi akwangue kingo za tundu vizuri kwa msasa, ngozi ya mzee inachubuka haraka. Na mpelekee dumu la maji limfikie kwa mkono wa kulia.

MzeeWaMikindani

Na kiti kisiwe kifupi. Kiwe juu kidogo kuliko cha kawaida, kushuka si shida, shida ni kunyanyuka. Mpe salamu zangu, mwambie kuna mtu Mikindani anasubiri kusikia habari ya macho yake.